Faiba katika pembe finyu za ndege ya kujiundia

Mafundi wengi wa Lamu waliozoea kutengeneza boti za faiba huamini kwamba kazi ya ndege ndogo ya kujiundia ni ileile. Wepesi wa mkono wanao. Kinachowapotosha ni mazoea, hasa ndani ya mkia au nyuma ya tangi, mahali ambapo mkono hupenya kwa shida.

Wengi hudhani kwamba kitambaa cha faiba lazima kilowanishwe humohumo ndani. Ukweli ni kwamba kazi kubwa hufanyika mezani: kitambaa hutandazwa juu ya karatasi ya nailoni, humiminiwa epoksi (gundi ya majimaji inayoganda ikichanganywa na kigumishi chake, hadina), hufunikwa kwa nailoni ya pili, kisha huparuzwa kwa kibao laini mpaka mapovu na epoksi ya ziada vitoke. Ndipo kipande hukatwa kwa mkasi pamoja na nailoni zake, na pale ramani ya ndege inaporuhusu, nyuzi huelekezwa mshazari kwa digrii 45, maana kitambaa cha mshazari hufuata mikunjo bila kukaidi. Nailoni moja hubanduliwa, kipande huingizwa na kubanwa kwa brashi fupi, na ya pili hubanduliwa mwisho.

Si kweli pia kwamba kitambaa hutii kona kali kikisukumwa sana. Nyuzi hujinyoosha na kuacha hewa nyuma yake. Kwa hiyo kona hulainishwa kwanza kwa rojo la epoksi na unga wa vijipovu vya kioo, na kitambaa hulazwa rojo likiwa bado bichi.

Kuongeza hadina ili kazi ikauke upesi ni dhana ya hatari zaidi. Poliesta, gundi ya boti, huruhusu kichocheo chake cha kuigandisha kubadilishwa kidogo kulingana na joto, lakini epoksi hupimwa kwa uwiano wa mtengenezaji, na ikizidishwa hadina hubaki dhaifu. Poliesta yenyewe isikaribie mabawa ya ndege kama Long-EZ, ndege ya kujiundia iliyobuniwa na Mmarekani Burt Rutan, kwani huyeyusha povu la polistirini lililomo ndani. Wakati wa kaskazi, epoksi iliyojaa kikombeni hupata moto na kuganda mapema. Afadhali imiminwe kwenye sinia pana.

Tena, epoksi nyingi haileti nguvu bali uzito, na uzito wa ziada mkiani husogeza kitovu cha uzito nyuma na kuiondolea ndege utulivu. Basi kazi ikikauka, ikaguliwe kwa tochi na kioo kidogo: palipo na weupe pana hewa, na panapaswa kusagwa na kutandazwa upya.