Tairi ngumu sio uimara: uongo ninaousikia kila mwezi wa saba kwa wanaovuta tela kaskazini mwa Australia

Juzi tena. Jamaa wanne na wake zao wametua Darwin kutoka Melbourne, gari mbili, tela mbili zile za kukunjua hema, wiki mbili wanaenda kuikata Gibb River Road, ile barabara ya changarawe inayopita Kimberley, kaskazini magharibi mwa Australia, na nyama ya mbuzi wamebeba ya kulisha msiba. Nimewaelekeza vizuri tu, breki, betri, friji, hema linakunjwaje, halafu mmoja wao, yule ambaye kwenye kila kundi ndo "anajua magari", akazunguka nyuma akaipiga teke tairi ya tela akasema, "Fundi ongeza upepo hapa bwana, barabara mbovu hiyo tunaenda."

Nikaweka spana chini.

Kazi yangu huku ni kuzihudumia hizi tela, kuzitoa zikiwa nzima na kuzipokea zikiwa vipande, na nasema kwa uchungu kabisa, hilo neno la kuongeza upepo limevunja vitu vingi kuliko mito, ng'ombe na pombe. Wabongo, Wakenya, Wakongo, hata wazungu wa hapahapa, wote wanalo. Wanaamini tairi ikiwa ngumu kama jiwe haitobolewi na jiwe.

Ni kinyume chake. Sikubishana naye, nikaokota jiwe lenye ncha, saizi ya kitunguu, nikaliweka mbele ya tairi ya gari lake mwenyewe iliyokuwa na psi 42 (psi ndo kipimo cha upepo), nikamwambia sogea taratibu mpaka upande juu yake usimame. Akasimama. Nikamwita ashuke achuchumae aangalie. Tairi imekaa juu ya ile ncha peke yake, pembeni kote kuna mwanga, yaani mzigo wote wa ile kona ya gari uko kwenye eneo la kucha ya kidole gumba. Nikamrudisha nyuma, nikatoa upepo mpaka 28, akapanda tena. Safari hii tairi ikalikumbatia jiwe kama mkono unavyoshika yai, ikagusa ardhi huku na huku. Akanyamaza. Hapo jiwe halina pa kutobolea maana mzigo umegawanyika.

Na hapo tumeongelea pancha tu. Barabara zenyewe za huku sio mashimo sana, ni vile vituta vidogo vidogo vilivyojipanga, chukulia rasta za kupunguza mwendo lakini zinaendelea kilomita 100 bila kukoma. Gibb ina kama kilomita 660 kutoka Derby mpaka upande wa Kununurra, ilitengenezwa kwa ajili ya kusafirishia ng'ombe, na sehemu kubwa ni changarawe. Tairi ndo springi ya kwanza ya tela. Ukiijaza mpaka ikawa ubao, kila kituta kinapanda moja kwa moja kwenye shokapu, kwenye welding, kwenye skrubu za kabati, kwenye bomba la tanki la maji. Tela zinarudi hapa shokapu imekatika kwenye mguu wake, tanki la maji limevuja lote bila mtu kujua, trei ya mayai imekuwa kachumbari na mafuta ya kupikia. Halafu mtu ananiambia tela yenu mbovu. Naomba geji, napima, 45.

Sasa namba, na zishikwe kama za kuanzia tu maana inategemea tairi na mzigo. Lami psi 40 hivi. Changarawe na vituta, 26 mpaka 30. Mchanga laini, 18, na ukitoka unarudisha. Tela na yenyewe inatolewa upepo, sio gari peke yake, hili nalirudia kila wiki! Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, endesha saa nzima, simama upime tena. Ikiwa imepanda kama psi 4 uko sawa. Imepanda 8, tairi inakunjika mno, ina joto, ama upepo ni mdogo kwa mwendo wako ama umebeba kupita kiasi. Haijapanda kabisa, bado ni ngumu.

Na ukweli nauelewa unakotoka huu uongo. Kuna mtu aliwahi kupunguza upepo, akaendelea kukimbiza 100 kama yuko lami, ubavu wa tairi ukapata moto ukachanika, basi akarudi akawatangazia watu kuwa kupunguza upepo kunapasua tairi. Kilichopasua ni mguu wake. Ukipunguza upepo unapunguza na mwendo, 60, 70, inatosha, uko likizo unawahi wapi? Mkirudi lami mnatoa kompresa mnajaza, dakika 20, mwingine anachemsha chai. Kompresa usikodi kale kadogo ka kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, kataungua kabla hujamaliza tairi ya tatu.

Kingine ambacho wateja wangu wananiona nimechanganyikiwa nikikisema. Kila mnaposimama, hata kama ni kwenda haja, mtu mmoja apite aguse kwa upande wa nyuma wa mkono kitovu cha kila gurudumu la tela. Vyote viwe na joto linalofanana. Kimoja kikikuunguza na mwenzake yuko vuguvugu tu, hapo ama beringi inakufa ama breki inashika, na hiyo utaijua leo ukiwa umesimama kivulini au utaijua kesho gurudumu likikupita barabarani. Na usiingie mtoni vitovu vikiwa vya moto. Hewa ya ndani ikipoa ghafla inasinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili, grisi inakuwa uji. Subirini robo saa kwanza. Beringi za akiba na sili zake za saizi ya tela yenu, na kopo la grisi, ni lazima kuliko hiyo spika ya muziki mliyobeba.

Mto wenyewe sasa. "Kabla hujavuka kwa gari vuka kwa miguu upime kina." Huo ushauri ni mzuri sana, huko kusini. Huku kuna mamba. Mto Pentecost, ambao uko upande wa Kununurra wa Gibb, unaingiliwa na mamba wakubwa wa maji chumvi, na watu bado wananiuliza waingie na fimbo au na kamba kiunoni. Usiingie na chochote! Angalia nguzo ya kipimo kama ipo, kaa nje ya maji usubiri gari lingine livuke uone maji yanamfika wapi, uliza waliotoka upande ule. Maji yakiwa mengi na yanakimbia, mnalala upande huu.

Na hilo jina "wa maji chumvi" limedanganya watu wengi, wanadhani yuko baharini, kwenye bwawa la maji baridi kilomita 100 kutoka pwani wanavua mashati. Anakaa maji baridi vizuri tu. Tangu azuiwe kuwindwa Northern Territory, jimbo letu hili la Darwin, mwaka 1971 wameongezeka sana, na dume kubwa linazidi mita 5. Mtu wa Rufiji hanisumbui kwenye hili, yeye maji ya mto anayaogopa toka utotoni, shida ni hawa waliokulia mjini. Hema liwe mita 50 kutoka ukingoni, vyombo visioshwe mtoni, mabaki ya samaki yasitupwe pale, na usiende kuchota maji sehemu ileile kila asubuhi maana anakusoma. Kukosekana kwa kibao cha tahadhari hakumaanishi mamba hayupo.

Mengine haya nayapitisha haraka maana nina ekseli inanisubiri.

"Simu itashika." Haitashika. Mtandao huku uko kwenye miji na vituo vichache, katikati hakuna kitu. Kodini simu ya setilaiti au mbebe kile kifaa cha kuomba uokoaji, hakina malipo ya mwezi, na redio za UHF, za kuongea gari kwa gari, kwenye kila gari. Chaneli 40 ndo ya madereva wa malori, na malori yenyewe yanafika mita 53.5, mkikutana nalo kwenye vumbi sogea kushoto usimame lipite, usijifanye shujaa.

"Tropiki hakuna baridi." Mwezi wa sita na wa saba huko ndani Kimberley usiku unashuka mpaka nyuzi 10 na chini ya hapo. Mablanketi.

"Tupo gari mbili, hatuna wasiwasi." Gari la pili linakula vumbi la la kwanza, linabaki nyuma kilomita 3, la kwanza halina habari, na siku zote jeki iko kwenye la kwanza. Kila gari liwe na jeki, maji na chakula chake.

"Tela ndo ya kubebea mizigo yote." Tela ina kikomo kimeandikwa kwenye kibati chake pale mbele. Maji lita 100 ni kilo 100, na bia nazo ni maji.

"Tutatoka hata Desemba, ni mvua tu." Mvua za huku zinafunga barabara miezi, na ukipita palipofungwa kuna faini nzito. Mwezi wa tano mpaka wa kumi, basi.

"Mawe yanarushwa na malori." Yako wewe mwenyewe. Tairi zako za nyuma zinarusha jiwe, linagonga uso wa tela, linarudi kwa kasi kwenye kioo chako cha nyuma. Ndo maana tela zetu zina wavu mbele, na ndo maana nawapa kadibodi na selotepu mzibe kile kioo, bure kabisa.

Wale jamaa waliondoka, yule wa teke nikamkabidhi geji yeye. Siku ya tano kaniletea picha kutoka kituo cha Mount Barnett kwenye Gibb, kama kilomita 300 toka Derby, tairi zote nzima, psi 28, kaandika "fundi heshima". Kwenye picha nyuma yake gari la pili halina kioo, limezibwa kwa kanga, na kadibodi yangu naiona imetandikwa chini, wameipangia vikombe.