Nyerere hakusoma Pugu, na mapadre hawakumfukuza

Kila Oktoba, siku chache kabla ya tarehe 14, kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Nyerere, simu yangu haitulii. Watangazaji wanatafuta mtu wa kumzungumzia Mwalimu, wanafunzi wa vyuo wana ripoti za kukabidhi kesho yake, na siku hizi hata wazazi wanapiga baada ya kusoma kitu kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi ni mwalimu wa historia na shule za misheni ndilo eneo langu, kwa hiyo kuulizwa hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba wengi hawaulizi. Wanakuja na jibu mfukoni, wanataka nilipigie muhuri tu: "Mwalimu, si ni kweli mapadre wa Pugu walimfukuza Nyerere kwa sababu ya siasa?"

Si kweli. Nitalieleza hili kwa kirefu, maana nimechoka kulieleza kwa simu.

Nyerere alirejea kutoka Edinburgh Oktoba 1952, akafunga ndoa Januari 1953, kisha akaanza kufundisha St. Francis' College, Pugu, kilomita kama 20 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Aprili 1953 akachaguliwa rais wa TAA (Tanganyika African Association), chama kilichoitangulia TANU. Mwaka huohuo serikali ya Gavana Twining ikatoa waraka wa kuwakataza watumishi wake wa Kiafrika kujiunga na vyama vya siasa. Hapo ndipo wasimuliaji wengi hupita mbio, na ndipo penye habari yenyewe. Waraka ule uliwabana makarani, waganga wasaidizi na walimu wa shule za serikali, yaani wasomi haohao waliokuwa wakiibeba TAA. Mwalimu wa shule ya misheni haukumshika, kwa kuwa mwajiri wake hakuwa serikali. Angekuwa anafundisha shule ya serikali, angetakiwa kuchagua kati ya mshahara na chama mwaka huohuo wa 1953, TANU ikiwa haijazaliwa. Kwa hiyo Pugu ilimpa karibu miaka miwili ya kushika chaki huku akiongoza chama. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, rais wake alikuwa bado ni mwalimu aliyeajiriwa na mapadre.

Sasa aliondokaje? Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na Uingereza ilipaswa kuitolea hesabu. Serikali haikufurahi. Na shule za misheni, pamoja na kwamba zilikuwa mali ya Kanisa, zilitegemea ruzuku ya serikali hiyohiyo kuendesha madarasa na kulipa walimu. Aliporudi, uongozi wa shule ulimtaka achague: darasa au siasa. Akaandika barua ya kujiuzulu Machi ileile, siku chache tu baada ya safari, akarudi kwao Musoma. Huko, kati ya kazi alizofanya ni kumfundisha Kizanaki padre wa shirika la Maryknoll. Sijui mtu mwenye kinyongo na mapadre angepata wapi moyo wa kazi hiyo.

Hapo kwenye simu huwa najibiwa: "Lakini kulazimishwa kuchagua na kufukuzwa, si yaleyale?" Si yaleyale hata kidogo. Ukisema alifukuzwa, unamgeuza mtu wa kuonewa huruma, wakati aliacha kazi yenye mshahara wa uhakika kwa kuamua mwenyewe, akiwa na familia changa. Halafu unawabebesha mapadre mzigo wote na kuisahau serikali ya kikoloni iliyokuwa imeshika mfuko wa ruzuku. Ushauri wangu kwa watangazaji ni uleule miaka yote, wengine wanauona wa kizee: kabla hujaandika sentensi kuhusu Mwalimu, andika mwaka pembeni yake. Nusu ya makosa hufa hapohapo.

Kwa mfano hili la kwamba alisoma Pugu. Alisoma Tabora Boys, 1937 hadi 1942, na hiyo ilikuwa shule ya serikali. Wala hakuwa Mkatoliki bado, alibatizwa Desemba 1943, akiwa tayari Makerere. Shule ya Kikatoliki ya Tabora ilikuwa St. Mary's, ya mapadre wa shirika la White Fathers, na huko alifundisha kuanzia 1946 hadi alipokwenda Uingereza 1949. Ziko mji mmoja, watu wanazichanganya, nimezoea. Rais aliyekaa madawati ya Pugu akiwa mwanafunzi ni Benjamin Mkapa.

Wengine husema Pugu ni shule ya tangu 1888. Mwaka huo Wabenediktini wa St. Ottilien walifungua misheni pale, na Januari 1889 ikashambuliwa wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Wamisionari wengine wakauawa, wengine wakatekwa. Chuo cha St. Francis' ni habari ya miongo mingi baadaye. Misheni ni misheni, sekondari ni sekondari.

Tena kuna wanaodhani shule hizi zilikuwa seminari kwa jina jingine, vijana wakisali kutwa kucha. Misa ilikuwapo, bila shaka. Lakini ratiba ya darasani iliamuliwa na mtihani wa Cambridge, uleule uliofanywa na wenzao wa shule za serikali, masomo kwa Kiingereza na maswali yakitoka Uingereza. Mkaguzi wa elimu wa serikali alikuja kuangalia hesabu na sayansi, maana fedha zake zilikuwa mle.

Kuhusu utaifishaji, yaani serikali kuzichukua shule hizi, napokea lawama za pande mbili. Upande mmoja: "Nyerere aliwanyang'anya Wakatoliki wenzake shule." Upande wa pili: "Aliwapendelea Wakatoliki." Sheria ya Elimu ya 1969 haikuchagua dhehebu. Upande wa Wakatoliki zilikwenda Pugu, Umbwe, Ihungo, Nsumba, Marian College ya Morogoro iliyokuja kuitwa Kilakala, na Assumpta ya Moshi iliyokuja kuitwa Weruweru. Waanglikana waliiacha Minaki, Walutheri wakaiacha Ilboru, na shule ya Aga Khan ya Dar es Salaam ikawa Tambaza. Seminari ndizo zilizobaki mikononi mwa Kanisa. Na malalamiko ya Waislamu kabla ya hapo yalikuwa na msingi: sehemu kubwa ya elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu alikuwa na sababu ya kusita kumpeleka mwanawe huko. Sheria iliondoa dini kwenye vigezo vya kumpokea mtoto.

Maisha ya bweni nayo yakabadilika kuliko sheria yenyewe inavyoonyesha ukiisoma. Mwanafunzi akawa anapangiwa shule na Wizara. Mtoto wa Bukoba anajikuta Pugu, wa Mtwara anajikuta Umbwe, kila mmoja na tranka lake la bati na waranti ya kupandia treni au basi. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikwishaingiza jembe kwenye ratiba, kwa hiyo baada ya vipindi kulikuwa na shamba la shule, na mazao yakaishia bwaloni. Mabweni yaliyojaa vijana wa jimbo moja la Kanisa yakawa na makabila na dini zote, wanagombania foleni moja ya ugali na maharage. Wazee waliosoma miaka hiyo watakuambia urafiki wao wa leo ulianzia kwenye foleni hiyo, na hapo sibishani nao.

Ninabishana nao wanapoanza: "Enzi zetu elimu ilikuwa elimu." Mwaka 1961 Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kidato cha sita walikuwa 176. Ukichuja nchi nzima ukabaki na watu 176, shule yoyote utakayowaweka itaonekana bora.

Kila matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yanapotoka, kuna anayeniambia Pugu imeamka, kaona "St. Francis" ikitajwa kwa sifa. Hiyo ni St. Francis Girls ya Mbeya. Pugu ni ya wavulana na iko Dar es Salaam.

Na mwisho, Hati ya Makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa haikulirudishia Kanisa shule hizi, ingawa nasikia hilo hata kutoka kwa watu wa Kanisa. Pugu, Umbwe, Nsumba na Ihungo ni za serikali mpaka leo. Ihungo ilipobomolewa na tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, serikali ndiyo iliyosimamia kuijenga upya. Kanisa lilikwenda kujenga nyingine, ikiwamo Marian Girls ya Bagamoyo, ambayo, kabla hujanipigia, si ile Marian ya Morogoro.