Kituo cha kupimia vifaa vya kukwea: si suala la tani tu

Mkwea miamba akisikia unajenga mtambo wa kupimia karabina (pete ya chuma yenye mlango wa springi, ya kuunganishia kamba) na kamba, swali lake la kwanza ni: "Unavuta tani ngapi?" Swali halina ubaya, ila ndilo mama wa dhana nyingi zilizo hapa chini.

"Jeki ya haidroliki na geji ya presha vinatosha."
Hesabu inashawishi. Silinda ya kipenyo cha milimita 63 yenye fimbo ya milimita 36, ikivuta kwa presha ya ba 100, inatoa kilonyutoni 21 hivi: uzito wa tani 2 na ushee. Hiyo ni kwenye karatasi. Ndani ya silinda kuna sili, yaani pete za kuzuia mafuta yasivuje, zinazosuguana na chuma na kula sehemu ya nguvu hiyo, na geji haijui. Kwa hiyo kipima nguvu hufungwa kwenye mstari uleule wa kifaa kinachovutwa, kisha hukaguliwa kila baada ya muda, kama mizani ya dukani inavyokaguliwa na watu wa vipimo.

"Karabina ni kuvuta tu hadi ivunjike."
Kuvuta wapi, na kwa pini ipi? Kiwango cha Ulaya, EN 12275, kinataka pini za mviringo za milimita 12. Karabina ya kawaida lazima ihimili kilonyutoni 20 mlango ukiwa umefungwa. Mlango ukiwa wazi zinabaki 7, na ikivutwa kwa ubavu ni 7 vilevile. Geuza karabina yako utazame mgongoni, namba zote tatu zimechongwa hapo.

"Kamba bora ni ile ngumu zaidi."
Hapa ndipo hata mafundi wazuri huteleza. Kamba ya kukwea haipimwi kwa kuvutwa polepole, bali kwa kuangushiwa mzigo. Unahitaji mnara, reli mbili zilizonyooka na chuma cha kilo 80 kinachoshuka karibu mita 5 huku kamba ikipita juu ya ukingo wa chuma uliochongwa mviringo. Kamba moja inayotumika peke yake lazima ivumilie maporomoko yasiyopungua matano, kila baada ya dakika tano. Na katika poromoko la kwanza, mshtuko usizidi kilonyutoni 12. Ukizidi, kamba imefeli hata kama haina uzi uliokatika, kwa sababu mshtuko huo unaishia kwenye kiuno cha mtu. Kamba ya katani ya kufungia mizigo haitanuki vya kutosha kuupunguza.

"Ikishakatika, hatari imepita."
Kamba ya nailoni iliyovutwa hadi mwisho ni manati. Ikikatika, vipande vya chuma vilivyoishikilia huruka. Mimi ningeanza na kizuizi cha chuma kuzunguka fremu, na hosi ndefu ili anayepampu akae nyuma ya ukuta. Rangi ya fremu ingesubiri.

"Sampuli moja ikihimili, toleo zima ni salama."
Sampuli moja haionyeshi namba zinatofautiana kiasi gani. Viwanda kadhaa hupima nyingi, huchukua wastani, kisha huondoa mara tatu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) kabla ya kuandika namba.

Kilichovutwa kwenye mtambo, hata kama hakikuvunjika, kikatwe vipande siku hiyohiyo. Kikiachwa mezani, jioni kuna mtu atakitia begini.