Kukagua Vitabu na Tovuti za Uuguzi katika Maktaba ya Chuo

Chuo cha uuguzi kinapokaguliwa huku Lamu, swali la kwanza kuhusu maktaba huwa ni idadi ya vitabu. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu kitabu cha tiba chaweza kuwa na jalada linalong'aa huku maelezo yake yamepitwa na wakati.

Tunachopendekeza ni kuchagua mada mbili ambazo mwongozo wake umebadilika, kisha kufungua faharasa. Kuhusu malaria kali, tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya artesuneti kwa watoto badala ya kwinini. Kitabu kinachoitanguliza kwinini kimeachwa nyuma. Kuhusu uzazi, mwongozo wa shirika hilo wa 2018 unahesabu uchungu uliokolea kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5, si 4 kama ilivyofundishwa awali, wala hautarajii kila mama afunguke sentimita moja kila saa. Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha zamani ataingia wodini na kumwona mama mzima kabisa kuwa amechelewa, kisha aombe aongezewe dawa ya uchungu asiyoihitaji.

Mwaka wa kuaminiwa ni wa toleo, ulioandikwa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, kwani kupigwa chapa upya hakubadilishi yaliyomo. Hata hivyo, vitabu vya anatomia na maadili ya kazi hudumu zaidi, na kuvitupa kwa sababu ya umri tu ni hasara. Vilivyoota kuvu kwa unyevu wa bahari vitengwe mara moja, viwe vipya au vikuukuu.

Mtandaoni, PubMed, tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa tiba, haina malipo, lakini mara nyingi huonyesha muhtasari peke yake. Makala kamili zisizolipiwa hupatikana kwenye hazina yake dada, PubMed Central. Hinari, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani 2002, husajili taasisi na si mtu binafsi, hivyo chuo kisipoomba, mwanafunzi hana mlango wa kuingilia. Jarida linaloahidi kuchapisha makala kwa siku chache mradi mwandishi alipe, tungeliacha.

Kwa kuwa bando ni ghali kwa wanafunzi wengi, maktaba ipakue miongozo ya Wizara ya Afya kwenye kompyuta yake wainakili bure, kila faili ikiandikwa mwaka wa toleo kwenye jina lake, na la zamani lifutwe siku jipya linapowekwa.