"Nimeshapima, dada": cheti cha afya cha dereva ni barua ya nani kwa nani

Wiki iliyopita peke yake nimeisikia mara nne. Dereva anaingia ofisini, anaweka bahasha mezani, anasema "nimeshapima, dada, niko fiti", na ndani ya bahasha kuna kitu kingine kabisa.

Kazi yangu ni kutunza mafaili ya madereva wa malori hapa Moshi. Kila faili linatakiwa liwe na leseni, mkataba, na hicho kinachoitwa cheti cha afya. Wa kwanza wiki hiyo aliniletea majibu ya malaria, kikaratasi cha maabara cha ukubwa wa kiganja, kimeandikwa kwamba vijidudu havikuonekana. Wa pili alileta kadi ya njano, imefungwa kwa mpira pamoja na pasipoti yake. Wa tatu alileta ED, karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ya siku tatu, ya mwezi wa pili. Wa nne hakuleta kitu. Aliinama mezani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba "ile kitu" alishapima mwaka jana, yuko salama, na akaomba tusilizungumze tena.

Maana yenyewe ni fupi. Cheti cha afya cha dereva wa gari kubwa ni maandishi ya daktari yanayosema kwamba mtu huyu, aliyechunguzwa siku fulani, anafaa, hafai, au anafaa kwa masharti kuendesha gari la aina fulani, hadi tarehe fulani. Hakuna zaidi. Tatizo liko kwenye maneno matatu yanayotumika kukitaja, cheti, kupima na afya, kwa sababu kila mtu anadhani anayajua.

Tuanze na cheti. Neno hili lina sura ya Kibantu, wingi wake ni vyeti, linatembea vizuri kabisa pamoja na chakula na vyakula. Lakini limetoka India, kwenye chitthi, yaani barua fupi au ujumbe wa maandishi. Waingereza nao walilichukua hukohuko wakapata "chit" yao. Lilipofika kwetu, Kiswahili kikaona ile "ch" ya mwanzo kikaichukulia kama kiambishi, kikaitolea wingi, na mgeni akawa mwenyeji. Kitabu nacho kilifanyiwa hivyohivyo kilipotoka Uarabuni.

Nalipenda asili hiyo kwa sababu inatukumbusha swali tulilolisahau. Barua ina mwandishi, ina mpokeaji, na ina jambo. Zitazame tena karatasi za wiki iliyopita kwa jicho hilo. Majibu ya malaria ni barua ya maabara kwa daktari, kwamba katika tone la damu la mtu huyu siku ile hatukuona kitu. ED ni barua ya daktari kwa bosi, na inasema kinyume kabisa cha ninachokitafuta: mtu huyu asifanye kazi kwa siku tatu. Kadi ya njano ni barua ya kituo cha chanjo kwa maofisa wa afya wa mipakani, kwamba mwenye kadi amechanjwa homa ya manjano. Kwa taarifa tu, maana hili nalo huniletea ubishi, tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabika ya maisha yote, haina haja ya kurudiwa kila miaka 10 kama zamani. Lakini ya maisha yote au ya siku moja, kadi hiyo haijui kama macho yako yanaona kibao cha barabarani.

Kwa hiyo karatasi zote tatu ni vyeti halali. Ni barua zilizofika kwenye anwani isiyo yake.

Sasa kupima, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Pima ni neno la kale. Mabaharia na wauza nguo walilitumia kama jina la kipimo chenyewe, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa: pima moja ya kamba, pima mbili za kitambaa. Kupima basi ni kukiweka kitu sambamba na kitu kingine uone kama kinafika. Huwezi kupima bila kipimo.

Kisha ukaja UKIMWI. Mwaka 2007 Rais Kikwete alipozindua kampeni ya kitaifa ya upimaji wa hiari, alianza kwa kupimwa yeye mwenyewe. Ilikuwa kampeni njema. Lakini ilifanya neno lipungue. "Umepima?" likawa swali la jambo moja tu, na "nimepima, niko salama" likawa jibu lake. Madereva wa masafa marefu walibeba mzigo mkubwa kuliko wengine, kwa sababu kila semina na kila bango la miaka ile liliwatazama wao. Ndiyo maana yule wa nne aliinama. Mimi nilimwomba karatasi ya macho na presha, yeye akasikia naingia chumbani kwake.

Niliseme wazi: Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu apime VVU ili apewe kazi. Hilo si sehemu ya cheti ninachokiomba, na mwajiri anayelidai chini ya jina la "kupima afya" amekosea. Kinachotakiwa kiko kwenye sheria nyingine, ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayotaka mfanyakazi achunguzwe kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, kuona kama mwili wake unaifaa kazi aliyopewa. Kipimo hapo ni kazi. Mwili unawekwa sambamba na usukani.

Na usukani wa lori si mchezo. Ukomo wa uzito wa gari pamoja na mzigo katika nchi za Afrika Mashariki ni tani 56. Weka tani hizo chini ya mtu anayekoroma usiku na kukatika pumzi usingizini bila kujua, anayeamka asubuhi akiwa amechoka kuliko alivyolala. Mpeleke kipande cha Same hadi Mombo saa nane mchana, barabara imenyooka, jua limesimama. Huyo hana malaria. Ukimuuliza atakuambia yuko mzima, na hasemi uongo. Mzima ni mtu asiyepungua kitu. Daktari wa madereva anaulizwa jambo jingine, kama mtu anafaa, na mzima anaweza asifae.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachowaponya wengi hofu nikikieleza. Mgonjwa anaweza kufaa. Mwenye presha anayekunywa dawa zake na presha ikatulia anapewa cheti, labda cha muda mfupi zaidi ili arudi kuangaliwa. Mwenye miwani anapewa, ila kimeandikwa avae miwani. Anayekataliwa moja kwa moja ni yule ambaye mwili wake unaweza kumzimikia ghafla.

Mdogo wangu anaendesha lori Marekani, na huko mambo haya yameandikwa kwa tarakimu hadi unachoka. Cheti kinadumu miezi 24 tu kwa wingi wake, na mwenye presha ya juu hupewa pungufu ya hapo. Tangu 2014 si kila daktari anaweza kukitoa, lazima awe kwenye orodha ya taifa ya wachunguzi waliofundishwa na kufaulu mtihani. Masikio wanayapima kwa mnong'ono: mchunguzi anasimama futi 5, kama mita moja na nusu, ananong'ona, dereva anarudia alichosikia. Mdogo wangu alicheka sana mara ya kwanza, akasema ni kama kuchezeshwa na bibi. Mkojo nao wanachukua, na madereva wengi hukohuko wanadhani inatafutwa bangi. Hapana, wanatazama sukari, protini na damu. Kipimo cha madawa ya kulevya ni kingine, kina siku yake na karatasi yake. Anayejichoma insulini zamani alihitaji msamaha maalumu. Tangu 2018 anaweza kupewa cheti kama sukari yake imetulia na daktari wake anathibitisha kwa maandishi. Naona hata kule watu wanachanganya barua.

Neno afya nitalipitia haraka. Ni la Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa afu, kusamehe. Mtu akipiga chafya tunamwambia "afya!", tunamwombea. Ni neno la dua, na nadhani ndiyo sababu halitoshi hapa. Siombi daktari amwombee dereva wangu. Ningekuwa na uwezo ningekiita cheti cha kufaa, na ubishi wa nusu mwaka ungeisha.

Bado kuna wanaoniambia "lakini leseni ninayo". Kweli, leseni ya daraja E inakuruhusu magari yote isipokuwa pikipiki na magari ya abiria, na siku hizi inadumu miaka 5 badala ya 3. Leseni inasema ulijifunza ukajua. Ujuzi haupotei upesi. Macho yanapotea. Mtu aliyeichukua akiwa na miaka 43 atakuwa anaishikia mbali kidogo kuisoma kabla haijaisha.

Na madaktari nao wana lao. Kuna zahanati moja, sitaitaja, ambako dereva wetu aliingia, akalipa, akatoka na cheti kilichopigwa muhuri kabla shati halijavuliwa. Mwingine aliniambia bila aibu kwamba ule ubao wa macho wenye herufi E zinazogeukageuka aliukariri akiwa kwenye foleni, kwa kumsikiliza aliyemtangulia: juu, kushoto, chini, chini, kulia. Barua hiyo imeandikwa na nani, basi? Imeandikwa na foleni.

Yule wa malaria alirudi Ijumaa. Ni mtu mzima, anakaribia miaka 60, ameendesha tangu mimi niko shule ya msingi. Nikamwambia, "Mzee wangu, hii si mbaya, ila si yangu." Nikageuza bahasha yake nikaandika nyuma: daktari aandike kama anafaa kuendesha gari kubwa, kwa masharti gani, hadi lini. Aliisoma kimyamimya mara mbili, ameishikilia mbali na uso, mkono umenyooka. Kisha akaninyooshea kile kikaratasi cha maabara.

"Na hii niipeleke wapi?"

Nikamwambia akae nayo, ni yake. Ila akifika kwa daktari aanze na macho.