Je, wajua? Salamu si maneno matupu, ingawa Malinowski alikaribia kusema hivyo

Mtu kaamka na mtoto mwenye homa, umeme umekatika, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Jirani anamwuliza, "Habari za asubuhi?" Anajibu, "Nzuri." Hakuna aliyedanganya wala aliyedanganyika. Zinafuata habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na hapo ndipo linapotoka: "Wazima, ila huyu mdogo kalala na homa." Kwa nini mazungumzo yaanze na jibu ambalo wote wawili wanajua si taarifa?

Maelezo yanayozunguka sana, hasa kwa waliopitia isimu, yaani taaluma ya lugha, chuoni, ni kwamba salamu ni maneno matupu. Ni kelele ya adabu tu, isiyo na maana, na aliyeligundua hilo ni mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski miaka mia moja iliyopita. Maelezo hayo yana ukweli kidogo, na sehemu kubwa iliyobaki imegeuzwa miguu juu. Malinowski hakuwa akitafuta maneno yasiyo na maana. Shida yake ilikuwa kinyume chake: alikuwa na madaftari yaliyojaa sentensi ambazo alilijua kila neno lake, na bado zilimshinda kuzifasiri.

Historia yenyewe ni fupi. Malinowski alizaliwa mwaka 1884 huko Kraków, mji wa Poland uliokuwa wakati ule chini ya Austria, baba yake akiwa profesa wa lugha za Kislavoni. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta safarini Australia akiwa raia wa Austria, yaani raia wa upande wa adui katika himaya ya Mwingereza. Wengi husimulia kwamba alifungiwa kisiwani mpaka vita vikaisha. Si kweli. Aliruhusiwa kufanya utafiti, akapiga hema katika kijiji cha Omarakana, kisiwa cha Kiriwina, visiwa vya Trobriand ambavyo leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Alikaa huko kwa vipindi viwili, 1915 hadi 1916 na 1917 hadi 1918, na kati ya vipindi hivyo alirudi zake Australia. Karatasi zake leo zimegawanyika: nyingine ziko London, katika chuo cha uchumi cha LSE alikofundisha, nyingine Yale, Marekani, alikokuwa akifundisha alipofariki mwaka 1942. Humo Yale ndimo ilimopatikana pia shajara yake ya Kipolandi, iliyochapishwa 1967 na kuzua zogo kubwa kwa jinsi alivyowasema wenyeji wake. Zogo hilo lina mambo yake. Hapa tubaki na madaftari ya kazi.

Mwanzoni alifanya alivyofanya kila mtafiti wa wakati ule: anasikiliza, anatafsiri kichwani, anaandika Kiingereza. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba tafsiri ile ya papo kwa papo ilikuwa ikiyanyang'anya maneno kila kilichokuwa na uzito ndani yake. Kwa hiyo akaanza kuandika vipande vya Kikilivila, lugha ya Kiriwina, kisha vipande vikawa kurasa, hata akajikuta anaandika kwa lugha hiyo tu, neno kwa neno, kwa kasi ya msemaji. Ukiwaza kwamba hapakuwa na kinasa sauti mfukoni, ni kazi ya kuumiza kiganja. Na ni kazi iliyompa tatizo ambalo asingelipata kama angeendelea kutafsiri harakaharaka.

Tatizo hilo tunaweza kulitazama kwa karibu, kwa sababu alilichapisha mwaka 1923, katika nyongeza ya kitabu ambacho Ogden na Richards walikiandika kuhusu maana ya "maana". Alitoa usemi mmoja aliousikia kwa watu waliokuwa wakisimulia safari yao ya baharini. Unaanza hivi: *Tasakaulo kaymatana yakida, tawoulo ovanu, tasivila tagine soda.* Neno kwa neno, kwa Kiswahili: "Tunakimbia mti wa mbele sisi wenyewe, tunapiga kafi mahali, tunageuka tunamwona mwenzetu." Kisha inaongezwa kwamba huyo mwenzao anakimbia "mti wa nyuma", bado yuko kwenye mkono wa bahari uitwao Pilolu.

Sarufi haina tatizo na msamiati umekamilika. Lakini ni nini kinachosemwa? Mti gani huo unaokimbia?

Mti ni chombo chenyewe, aina ya ngalawa, ila yenye mrengu upande mmoja tu, si miwili kama za pwani yetu. "Mti wa mbele" ni ngalawa inayoongoza msafara. "Tunapiga kafi" si maelezo ya jinsi ngalawa inavyoendeshwa. Ngalawa hizi huenda kwa tanga, na ukisikia kafi zimeshikwa ujue upepo umekata au tanga limeshushwa kwa sababu nchi kavu imekaribia. "Mahali" ni kijiji wanachokiendea. Basi usemi mzima ni majigambo: sisi tumeshafika, tumeshusha tanga, tukageuka nyuma kuwatazama wale wengine, kumbe bado wako katikati ya bahari! Misafara ile ilikuwa ya biashara, lakini ndani yake mlikuwa na mashindano ya nani atangulie kufika, na wasimulizi walikuwa wakitambiana.

Ndipo Malinowski akadai kwamba ili kutafsiri sentensi tatu hizi huhitaji kamusi kubwa zaidi. Unahitaji kujua safari, upepo, tanga, ushindani, na nani anamsimulia nani. Jumla ya hayo aliiita muktadha wa hali, na hoja yake ni kwamba muktadha huo si pambo linalozunguka maana. Maana iko humo.

Anayeona hoja hiyo ni ya kufikirika mno na afungulie redio siku ya mechi. Mtangazaji anasema: "Anamimina majalo, kichwaaa, mtambaapanya! Wanarudi kupanga mashambulizi upya." Msikilizaji wa Dar es Salaam anashika kichwa. Sasa yaandike maneno hayo kwenye karatasi, umpelekee mtu anayejua Kiswahili sanifu lakini hajawahi kuona mpira. Kamusi itamwambia kwamba mtambaapanya ni boriti ya juu ya ukuta inayobeba paa. Atabaki anajiuliza panya kaingiaje, na kichwa ni cha nani. Utamweleza kwamba ni mlingoti wa juu wa goli. Bado hajaelewa, kwa sababu hajui kwamba mpira ukigonga pale si goli, kwamba timu iko nyuma bao moja, kwamba zimebaki dakika tatu, na kwamba mtangazaji mwenyewe hawezi kuficha anashabikia upande gani. Kila unachomwongezea ni sehemu ya maana ya ile kelele ya "mtambaapanya!" Mtangazaji naye hakuwa akikosea kwa kutoyasema hayo. Asingeweza kuyasema yote, na wasikilizaji wake hawakuhitaji ayaseme.

Turudi kwenye salamu. Katika insha hiyohiyo ya 1923 Malinowski alijiwekea mtihani mgumu. Ikiwa maana inatokana na shughuli, je, yale maongezi yasiyo na shughuli? Watu wameketi jioni, wanaulizana hali, wanasema jua lilikuwa kali. Hapo hakuna ngalawa wala samaki. Alijibu kwamba hapo shughuli ni kuketi pamoja kwenyewe. Kukaa kimya mbele ya mgeni, aliandika, huchukuliwa katika jamii nyingi kuwa dalili ya nia mbaya; maneno ya mwanzo yanauvunja ukimya ule na kufunga uhusiano, ambao hutimia watu wanapokula pamoja. Aina hii ya maongezi aliibunia istilahi, huku akijicheka kidogo kwa uraibu wa kubuni istilahi. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita ushirika wa usemi.

Sasa, ni kweli kwamba aliandika kuwa maneno ya namna hiyo hayatumiki hasa kwa ajili ya maana yake ya kikamusi, na alilisema kwa mkazo mkali. Hapo ndipo wasomaji wa haraka walipookota "salamu hazina maana". Lakini huyu ni mtu aliyetumia kurasa nzima kuthibitisha kwamba maana ya usemi ni kazi unayoifanya. Kwake, kusema kwamba salamu inafunga uhusiano ni kuitaja maana yake, si kuikana. Anayejibu "nzuri" amefanya jambo kamili: amepokea, amerudisha, amefungua mlango. Homa ya mtoto itapita kwenye mlango huo baadaye kidogo.

Upotoshaji ulikolezwa na mwanaisimu Roman Jakobson, mwaka 1960, alipolichukua neno la Malinowski na kulipa kazi nyembamba zaidi: kuhakikisha kwamba njia ya mawasiliano iko wazi, kama mtu anayesema "haloo, unanisikia?" kwenye simu. Hilo ni jambo la maana, ila ni jambo jingine. Anayepima kama simu inasikika hajali ni nani yuko upande wa pili. Anayesema "Shikamoo" anajali mno, kwa sababu asipoisema kwa anayestahili, kaya nzima itaambiwa jioni hiyo. Vitabu vya kufundishia vikawaunganisha Malinowski na Jakobson katika aya moja, na mwanafunzi akatoka darasani akiamini kwamba bibi yake akimjulia hali huwa anajaribu mitambo.

Lipo pia kosa ambalo ni la Malinowski mwenyewe. Mwaka 1923 aliandika kana kwamba lugha kuwa tendo ni sifa ya jamii alizoziona za kizamani, ilhali lugha ya wanasayansi wa Ulaya imejitenga na kutumika kufikiri tu. Mwaka 1935, katika juzuu mbili kuhusu kilimo na uganga wa mashamba wa Kiriwina, alilifuta hilo waziwazi na kuliita kosa kubwa. Ajabu ni kwamba insha ya kwanza ndiyo inayosomwa mpaka leo, na sahihisho limebaki kwenye juzuu nene ambayo wachache huifungua.

Wakati huohuo semina yake ya London ilikuwa na Mkikuyu mmoja ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu kwa sababu nyingine: Jomo Kenyatta, ambaye kitabu chake cha 1938 kuhusu Wakikuyu kilitolewa na utangulizi wa Malinowski. Katika miaka hiyohiyo Kenyatta alikuwa akimsaidia mwanafonetiki, yaani mtaalamu wa sauti za lugha, Lilias Armstrong, katika chuo kingine jijini humo, kuchunguza toni za Kikikuyu, kazi iliyochapishwa 1940. Kwa Armstrong alitamka maneno ili sauti zake zipimwe. Kwa Malinowski alieleza maneno hayo yanafanya nini shambani na kwenye baraza la wazee. Sidhani kama kuna mtu mwingine wa wakati ule aliyeziona shule hizo mbili za lugha kutoka ndani kwa ukaribu huo, tena kwa lugha yake mwenyewe.

Sasa kuna kipande ambacho vitabu vingi hukiruka. Miongoni mwa mifano ya Malinowski ya ushirika wa usemi ni swali la kumwuliza mtu atokako. Tangu 1982, mwanaisimu Mjerumani Gunter Senft amekuwa akiitafiti Kikilivila katika kijiji cha Tauwema, kisiwa cha Kaile'una, katika visiwa hivyohivyo vya Trobriand. Salamu aliyokutana nayo kila alipotoka nyumbani ilikuwa *Ambeya?*, yaani "Wapi?", unakwenda wapi. Kwa mujibu wa nadharia ya ushirika wa usemi, jibu lolote lingetosha. Senft akakuta kwamba halitoshi. Anayeulizwa anatakiwa ajibu kwa ukweli na kwa ukamilifu, kitu kama hiki: nitakwenda, nitaoga, nitarudi, nitakaa, nitafanya kazi.

Sababu aliyoipata ni ya usalama. Njia za visiwa vile zina miamba ya matumbawe inayoteleza, nazi hudondoka, na kwa imani ya wenyeji wapo pia pepo na wachawi. Ukishataja njia yako, kijiji kizima kinajua uko wapi, na usiporudi kinajua pa kuanzia kukutafuta. Uhusiano unafungwa, kama alivyosema Malinowski, lakini unafungwa na taarifa yenyewe. Ukitoa jibu la uongo, kamba inakatika.

Je, Malinowski alilipita jambo hili bila kuliona? Kuna sababu ya kusita kuhukumu. Kati ya hema la Omarakana na utafiti wa Tauwema ipo zaidi ya miaka sitini, na ni visiwa viwili tofauti. Desturi ya kujibu inaweza kubadilika. Isitoshe, "watoka wapi" na "wakwenda wapi" ni maswali mawili, na hatari za njiani zinalihusu zaidi la pili. Hata hivyo, kanuni iliyotumika kumsahihisha ni yake mwenyewe. Senft hakuipata maana ya *Ambeya?* kwenye kamusi. Aliipata kwa kuangalia nani anamwuliza nani, njia ikoje, na nini hutokea mtu asiporudi.

Ukilinganisha na pwani yetu, swali ni lilelile na sheria ni tofauti kabisa. Ukimwuliza mtu "Wendapi?" naye akakujibu "Nafika hapo mara moja," umejibiwa vizuri, hata kama "hapo" ni Tanga na atarudi Jumatatu. Kumtaka ataje njia, saa na shughuli ni kumpekua. Mswahili akiingia Tauwema na jibu la "hapo" ataonekana anaficha kitu, na mtu wa Tauwema akimweleza dereva wa bodaboda ratiba yake yote ya siku, mpaka kuoga, atasikilizwa kwa heshima kisha aulizwe tena anashukia wapi.