Mafao ya ulemavu kwa mwenye uchovu sugu: maswali na majibu

Je, uchovu unahesabiwa kuwa ulemavu?

Uchovu wa mtu aliyelala akaamka mzima hauhesabiwi. Ugonjwa wa uchovu sugu ni habari nyingine. Hospitalini huandikwa ME/CFS, na tangu 1969 Shirika la Afya Duniani huuorodhesha pamoja na magonjwa ya mfumo wa neva. Wengi huanza kuugua baada ya kupata virusi, vikiwemo vya Epstein-Barr na vya UVIKO-19. Nchini Marekani, idara ya hifadhi ya jamii ilitoa mwaka 2014 mwongozo wa namna ya kupima maombi ya wagonjwa hawa, kwa hiyo anayekwambia kwamba ugonjwa huu hautambuliwi popote anakukatisha tamaa bure.

Lakini jina la ugonjwa peke yake halikupi mafao. Masharti hutofautiana nchi na nchi, ila karibu kila fomu hutafuta jambo moja: je, shughuli uliyoifanya leo unaweza kuirudia kesho na keshokutwa, kama kazi inavyodai?

Vipimo vyangu vyote ni safi. Nitathibitisha vipi kwamba naumwa?

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoonyesha ugonjwa huu. Vigezo vilivyotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2015 hutazama dalili: uwezo wa kufanya shughuli umeshuka sana kwa zaidi ya miezi 6, mgonjwa anazidiwa baada ya kujishughulisha, analala bila kuamka na nguvu, na juu ya hayo ana shida ya kufikiri na kukumbuka au hali yake huwa mbaya akisimama. Majibu safi usiyatupe. Yanaonyesha kwamba upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo na magonjwa mengine yanayochosha yameshatafutwa na hayakuonekana.

Kipo pia kipimo rahisi ambacho hakihitaji maabara. Mgonjwa hulala kwanza, anapimwa presha na mapigo ya moyo, kisha husimama ameegemea ukuta kwa dakika 10, huku akipimwa kila dakika na mtu akiwa karibu asije akaanguka. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika bila presha kushuka, daktari ana namba ya kuandika kwenye faili. Mwombe akufanyie.

Fomu inauliza kama naweza kuoga, kupika, kutembea. Ninaweza. Niandike ndiyo?

Hapa ndipo maombi mengi huharibikia, na inauma kwa sababu anayeharibu ni mgonjwa mwenyewe, kwa uaminifu wake. Anaulizwa kama anaweza kuoga, anakumbuka kwamba wiki iliyopita alioga, anaandika "ndiyo". Anayesoma anaona mtu mzima wa afya.

Sheria ya Uingereza ya posho ya ulemavu ina kipimo ambacho ningependa kila mgonjwa akijue, hata anayeishi kwingine. Kuweza kufanya jambo maana yake ni kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kulirudia kila linapohitajika, na kulimaliza kwa muda unaofaa. Moja likikosekana, huwezi. Jiulize hayo manne kwa kila swali, kisha andika kinachotokea kwako kweli. Kwa mfano:

"Naoga mara mbili kwa wiki. Nakaa kwenye kiti bafuni kwa sababu nikisimama napata kizunguzungu. Nikitoka nalala kama saa moja ndipo nivae. Siku nikioga sipiki."

Sentensi nne tu, na kila moja inajibu kitu. Sasa ongeza kinachokuja baadaye, maana ndicho kinachoutofautisha ugonjwa huu na uchovu mwingine: kuzidiwa mara nyingi huja saa 12 hadi 48 baada ya shughuli, na kunaweza kudumu siku au wiki. Mtathmini, yaani anayekupima kwa niaba ya wanaotoa mafao, akikuona leo hawezi kuyaona ya keshokutwa usipoyaandika.

Na siku zangu nzuri?

Zitaje. Ukizificha na zikaja kuonekana, hutaaminiwa hata kwa yaliyo kweli. Eleza ni ngapi kwa mwezi, unafanya nini siku hizo, na baadaye mwili unazidiwa vipi. Kumbukumbu ya mstari mmoja kwa siku inatosha: nilifanya nini, nililala kwa muda gani mchana, kesho yake nilikuwaje. Ndugu unayeishi naye anaweza kukuandikia.

Daktari aandike nini?

"Ana uchovu sugu, anahitaji kupumzika" ni barua isiyosaidia. Inayosaidia inasema unaweza kukaa wima kwa muda gani, kusimama muda gani, unalazimika kujilaza mara ngapi kwa siku, ungekosa kazi siku ngapi kwa mwezi, hali imedumu tangu lini na inatarajiwa kuendelea hadi lini. Madaktari wana haraka na wengi hawajui maisha yako ya nyumbani, hivyo mpelekee ukurasa mmoja wenye mambo hayo.

Siku ya tathmini nijiandae vipi?

Usijikaze. Tumelelewa kuvaa vizuri, kutabasamu na kusema "sijambo" mbele ya wakubwa, na mtathmini huandika alichokiona. Akikuuliza hali, mjibu kwa undani. Kama ulilala siku mbili nzima ili uweze kufika, mwambie. Omba mapema kuhojiwa kwa simu au nyumbani, na nenda na mtu. Ukihitaji kujilaza katikati ya mahojiano, jilaze. Kisha andika yaliyokupata siku zilizofuata uyatume yaingizwe kwenye faili.

Kujaza fomu kwenyewe kunanimaliza.

Jaza swali moja kwa siku, au mtu aandike wewe ukisema umelala. Ukiona tarehe ya mwisho itakupita, omba muda zaidi kwa maandishi kabla haijapita.

Wamenikatalia.

Soma sababu waliyoitaja, uijibu hiyohiyo, na usikose muda wa rufaa. Wakisema hakuna ushahidi wa kutosha, peleka barua mpya ya daktari na kumbukumbu zako. Wakisema ulikataa tiba ya mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, waeleze kwamba NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, iliacha kuipendekeza kwa wagonjwa hawa mwaka 2021, na daktari wako aeleze mazoezi yalikufanya nini. Omba nakala ya ripoti ya mtathmini. Ukikuta ameandika kwamba ulitembea bila shida wakati ulishikwa mkono tangu mlangoni, aliyekushika aandike alichokiona, aweke sahihi na tarehe, na karatasi hiyo iambatanishwe na rufaa.